Salamu za Dido Nilizotunga Mwenyewe

Mama,

Salamu naziacha kwanza. Zile nilizokupa wiki zako tatu za mwisho zilikuwa za uongo, nilizitunga mwenyewe nimejificha jikoni na simu mkononi, kwa hiyo leo naona haya kukuanzia na salamu. Nitaanza na habari.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha shule ya masista, kile ulichokuwa ukikiita "Kiswahili ya basista" kila nilipokisema mbele yako kwa kujidai. Nivumilie. Nikiandika kama tunavyosema nyumbani nitalia kabla sijafika katikati ya karatasi, na nina mengi ya kukuambia.

Mama, nimeimba tena. Si katika korali. Korali niliiacha ulipokufa, nilikuwa nikifungua kinywa hakitoki kitu, mpaka mkubwa wa korali akaniambia nikapumzike. Nimeimba opera. Najua ungeuliza, "Opera njo nini tena?" Ni mchezo wa kuigiza, ila hakuna anayesema, kila kitu kinaimbwa. Mtu akitaka maji anaimba maji. Akikasirika anaimba hasira yake mpaka mwisho, na mwenzake anangoja zamu, jambo ambalo katika nyumba yetu halikutokea hata siku moja. Ungecheka mwanzo wote, halafu ungeanza kusahihisha sauti za wengine.

Aliyeitunga anaitwa Serge, kijana wa Lubumbashi aliyesoma muziki, mwembamba, anasema polepole hadi unatamani kummalizia maneno. Alikuja parokiani kutafuta waimbaji. Hakutaka ukumbi wala jukwaa, alitaka nyumba ya watu. Akapata moja hapa hapa Kapata, nyumba ya kampuni ya madini kama yetu, mstari wa tatu nyuma ya wetu, wenyewe walihamia mjini. Mama, ni nyumba yetu kabisa. Sebule ile ile, dirisha lile lile la kutazama uani, mlango ule ule wa kugoma wakati wa mvua. Akaweka kitanda katikati ya sebule na kukizungushia viti thelathini vya parokia, karibu kiasi kwamba magoti ya watu yaligusa godoro. Kinanda kikawekwa pembeni, na meza ndogo yenye jagi la maji. Basi, hakuna kingine. Tuliimba saa tisa mchana, jua linaingia dirishani, na ukitokwa jasho mtu wa mbele analiona, ukimeza mate anayasikia.

Kabla ya kutunga, Serge alituuliza sisi waimbaji ni jambo gani tumelifanya nyumbani ambalo hatujawahi kulisema. Wenzangu walisema vitu vya kuchekesha. Mimi nikamwambia kisa cha "jirani yangu mmoja." Alikiandika kwenye daftari bila kuniangalia usoni, na nadhani alijua. Wiki sita baadaye akarudi na muziki, na kisa cha jirani yangu ndicho kilichokuwa opera nzima.

Sasa kisa chenyewe nikueleze. Nitaeleza kwa mpangilio, hata yale unayoyajua, kwa sababu mimi kwa kinywa changu sijawahi kukueleza hata moja.

Tulikuwa tumekuhamishia sebuleni kwa ajili ya hewa. Miguu ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa, kupumua ni kazi. Dido alikuwa Sandoa kununua mahindi, na ulikuwa unamuuliza kila ukiamka. Mwana wako wa kwanza, aliyekupa jina, maana nani hapa Kapata alikuita kitu kingine zaidi ya Mama Dido? Basi asubuhi ile simu ikalia, Mjomba Albert akaipokea akiwa uani. Pikipiki ya Dido, magunia mawili nyuma, iliteleza kwenye njia ya Kasaji, na nyuma yake kulikuwa na lori. Walikuwa wanamzika huko huko Sandoa, mwili usingefika.

Mjomba alitukusanya palepale uani, mimi, mke wake, na Mama Feza, jirani na rafiki yako wa tangu korali ya wasichana. Nilifungua kinywa nipige yowe, Mjomba akanishika taya. Kweli, alinishika taya kwa mkono. Akasema, "Mugonjwa, habamuambiake habari ya lufu. Mutamuua." Nani asiyejua hilo? Kwetu habari ya kifo hapewi mgonjwa, hapewi aliye safarini, unamwambia fulani anaumwa kidogo, njoo. Wewe mwenyewe ulimfanyia hivyo shangazi. Mjomba akasema kilio cha Dido tutakifanya baadaye, na kwa sasa yeyote atakayelia mbele ya mgonjwa atamjua yeye ni nani. Wakati anasema hivyo alikuwa ananiangalia mimi tu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kinywa chepesi katika ukoo huu.

Nikanawa uso kwenye bomba. Nikaingia. Ukauliza nani alikuwa anapiga simu, nikajibu, "Dido, Mama. Iko mu njia."

Hapo ndipo ilianza. Kesho yake uliuliza tena, nikasema treni imekwama Kasaji. Kesho kutwa nikakusomea ujumbe: "Mama, nakusalimia sana, ule vizuri, nakuletea karanga." Mimi ndiye niliyeuandika, Mama, mafuta ya kupikia bado yako vidoleni. Na wewe ulifumba macho ukasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Siku nyingine ulisema, "Dido siku hizi ananisalimiaka muzuri kupita zamani," na nilicheka kwa nguvu, kwa sababu Dido mzima alikuwa hatumi salamu mpaka awe na shida. Nikajiambia nipunguze utamu kidogo, utashtuka.

Na kila ujumbe ulinipa jibu la kumpelekea. Mwambie avae viatu vizuri. Mwambie nimemsamehe ile redio. Mara moja ulisema, "Umwambie asichoke kuningoja," na mimi nikakusahihisha, nikasema ni wewe unayemngoja yeye, Mama, si yeye. Ukasema haya. Nilidhani homa inakuchanganya.

Majirani wote walikuwa wanajua. Mstari mzima wa Kapata, wiki tatu, watu walipita dirishani wakikuita "Mama Dido, umeamka je?" kwa sauti ile ile ya siku zote. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Nilikuwa najivunia majirani zetu, na nilikuwa nataka kuwatemea mate.

Kitu kingine: ulikataa nikuguse kichwa. Wewe uliyekuwa ukipenda kuchanwa mpaka unasinzia! Nilikuja na kitana, ukashika kitambaa chako cha kijani kwa mikono miwili. "Acha kichwa yangu, kinauma." Nikaacha. Nilidhani nywele zinakatika kwa dawa na unaona aibu.

Siku uliyokufa ilikuwa mchana, nilikuwa nakupoza uji. Uliuliza kama treni imefika. Nikasema imetoka Kasaji, kesho utamwona. Ukasema, "Aya." Uji ulikuwa bado wa moto, nilikuwa naupuliza, na nilipogeuka na kijiko ulikuwa umeshakwenda. Neno la mwisho nililokupa katika dunia hii ni uongo kuhusu treni.

Walifanya kilio kimoja kwa watu wawili. Watu walimlilia Dido, walikulilia wewe, mimi nilikulilia wewe tu. Machozi ya Dido niliyameza siku ile pale bombani na yalikataa kurudi. Nimekaa mwaka mzima hivyo. Nikiamka nauliza swali moja tu, na hakuna wa kunijibu: je, nilikulinda, au nilikuacha ufe umedanganywa kama mtoto? Kwa ajili ya swali hilo nilikubali kuimba. Nilitaka watu waone, waniambie wao.

Nilikuwa Binti. Mgonjwa aliimbwa na Nadine, msichana wa Lubumbashi, ana miaka ishirini na sita, mzima wa afya, anakula sahani ya bukari ya watu wawili. Ilibidi wampake majivu usoni. Nywele zake za kusuka zilikuwa ndefu, tukazificha ndani ya kitambaa chako cha kijani. Mama Feza alinirudishia kimefuliwa na kukunjwa baada ya kukuosha na kukuzika, na nilikuwa sijakitumia. Nisamehe kama nilikosea kumpa mgeni.

Ijumaa, siku ya kwanza, walikuja watu wa Kapata, wengi wastaafu wa kampuni na wake zao. Serge alikuwa amewaeleza mlangoni, kwa upole wake ule, kwamba ni kuigiza tu, wakae, wasikilize. Walikaa. Nadine akaanza kuimba kiu. Alipofika mara ya tatu, "maji, maji," mama mmoja wa mbele akainuka, akamimina maji ya jagi lililokuwa mezani, akamshika Nadine kichwa kwa nyuma na kumnywesha. Nadine alikuwa katikati ya sauti ya juu kabisa. Akanywa! Angefanya nini? Kinanda kikangoja. Yule mama akamfuta kidevu kwa pembe ya kikwembe chake, akarudi kukaa, na muziki ukaendelea.

Halafu nilipoimba ujumbe wa kwanza wa uongo, tata mmoja mzee akagonga fimbo chini: "Muambie mama ya batu! Atakufwa na uongo!" Mwanamke nyuma yake akamgeukia kwa ukali, "Nyamaza, tata, mugonjwa anasikia!" Mama, nyumba ikagawanyika. Hawa wanasema nimwambie, wale wanasema nikimwambia nitamuua, mmoja anasimulia dada yake aliyeambiwa akafa siku hiyo hiyo, mwingine anasimulia baba aliyefichwa akafa akimlaani mtoto aliyekuwa tayari kaburini. Wote wananong'ona, kwa sababu ya mgonjwa. Na mimi nasimama hapo katikati, naimba, nageuza kichwa huku na huku kutafuta jibu langu.

Mwisho hakuna aliyepiga makofi. Walipita mmoja mmoja kando ya kitanda, wakamgusa Nadine mguu, wakamwambia, "Upone, mama." Wakatoka. Serge alikwenda jikoni akashika kichwa. "Hawakupenda," alisema. Nikamwambia, we Serge, umeona wapi watu wakipiga makofi penye mgonjwa? Alicheka, lakini hakuamini.

Jumamosi walikuja watu wa mjini, makarani wa maofisi na wafanyabiashara, wana manukato na miwani ya jua. Hao walipiga makofi mpaka mahali pasipostahili. Mama mmoja alilia nyuma ya miwani yake bila kuivua. Kijana mmoja mchimbaji, suruali ina vumbi mpaka magotini, sijui nani alimleta, alitoka katikati ya kuimba, na tulipomaliza nikamkuta ukutani nje na simu sikioni. Alikuwa anasema, "Ni mi, mama. Ni mi. Niko muzima." Aliniona akageuka ukutani. Nilimwacha.

Ningekuwa na akili ningeridhika hapo. Lakini swali langu lilikuwa bado.

Jumapili, baada ya misa, alikuja Mama Feza. Tangu tukuzike alikuwa ananikwepa. Nikipita kwake yuko sokoni, nikimkuta sokoni ana haraka. Nilidhani ni huzuni. Aliingia na nguo yake ya kanisani, akachagua kiti cha karibu na mto wa kitanda, akaweka mkoba magotini na kuushika. Alipoona kitambaa cha kijani kichwani mwa Nadine, midomo ilimcheza. Kisha akatulia, na sisi tukaanza.

Tuliimba vizuri siku ile, Mama. Nilisikia sauti yangu imefunguka kidogo. Tukafika pale ambapo mgonjwa anasema, "Soma tena." Nikasoma salamu za uongo mara ya pili, polepole, jinsi Serge alivyoandika, na kinanda kinanyamaza kabisa ili watu wasikie karatasi ikitetemeka.

Mama Feza akasimama.

Watu walidhani anakwenda kumpa maji, wakasogeza magoti apite. Alifika kitandani, akamtazama Nadine, akaweka mkono kwenye paji la uso wake. Kisha akafungua kitambaa. Fundo la nyuma, moja kwa moja, kama mtu anayelijua. Nywele za Nadine zikamwagika kwenye mto wa kitanda na mabegani. Mama Feza akamgeukia Serge kwenye kinanda, na kwa sauti ile ile aliyokuwa akikuambia sauti za korali zimeshuka, akasema:

"Mulikosea. Huyu balimunyoa."

Serge hakuelewa. Nadine hakuelewa. Wanawake wa mbele walielewa, nilisikia wakivuta pumzi. Katika kabila lenu, Mama, mwanamke hanyolewi bure. Ananyolewa akifiwa na mtoto.

Kisha akanigeukia mimi. "Clarisse. Mama yako alijua. Ni mi njo nilimunyoa, na mukono yangu hii, siku ile ile."

Mama, zamu ilikuwa yangu. Nilitakiwa kuimba, "Iko mu njia." Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni jina. Dido. Nililiita kama mtu anayemwita aliye ng'ambo ya mto. Dido we! Nikaketi chini. Mwaka mzima, Mama, na machozi ya Dido yalikuwa pale pale, hayakwenda mahali. Nilimlilia ndugu yangu mbele ya watu thelathini na sikuona haya hata kidogo.

Na watu wa Kapata, unawajua. Mama mmoja akavua viatu, akashuka kwenye kiti, akaketi sakafuni na kunyoosha miguu. Mwingine akafuata. Mara wote wako chini, vitambaa vimefunguliwa, na mmoja ameanzisha wimbo wa kilio, ule wa kwenu uliouimba kwenye kilio cha bibi. Wanaume hawakuambiwa na mtu. Kila mmoja alibeba kiti chake akatoka nacho uani, wakakaa huko kimya, kama inavyotakiwa. Nadine akashuka kitandani na majivu yake usoni, akakaa nami bega kwa bega, akashika sauti ya pili. Serge alikuwa ameacha kupiga. Baadaye nikasikia kidole kimoja kinatafuta, kinakosa, kinatafuta tena, mpaka kikapata mahali wimbo ulipo. Akatufuata hapo, taratibu.

Mpita njia mmoja alisimama dirishani akauliza nani amekufa. Mtu uani akamjibu, "Dido, mutoto ya Mama Dido." Akavua kofia akaingia. Mtoto wako alipata kilio chake, Mama. Kilichelewa mwaka, lakini kilijaa. Hata mkaa wa kupikia ulikuja, na munkoyo wa kunywa, sijui kutoka wapi. Mwisho wa opera, ule Serge alioutunga kwa wiki zile sita, haukuimbwa siku hiyo na hakuna aliyeuulizia.

Mama Feza alinieleza mengine kesho yake, kwake, tunachambua majani ya sombe. Dirisha lilikuwa wazi. Hilo tu. Sote wanne tulisimama chini ya dirisha la sebule tukikuficha jambo, na ulikuwa unasikia kila neno kutoka kitandani. Nilipokwenda kununua dawa mchana ule, ulimwita ukamwambia alete wembe. Hukupiga yowe. Ulishika mguu wa kitanda, alivyosema, mpaka akamaliza. Kisha ukafunga kitambaa mwenyewe, na ukamkataza asiniambie, hata ukifa. Alikuuliza kwa nini. Ukasema, "Huyu mutoto anajikaza juu yangu. Wacha na mi nijikaze kwa ajili yake."

Mama.

Nimelikalia hilo neno siku nne. Nikuambie ukweli, kwanza nilikasirika. Nilirudi nyumbani nikapiga teke kile kitanda chako. Mimi nalia jikoni na kufuta macho kwa kitambaa cha sufuria, kumbe wewe unalia sebuleni nikitoka tu! Ukuta mmoja! Watu wawili, maiti mmoja, na kila mmoja analia kwenye kona yake. Nilipokusomea ule upuuzi wa karanga ulikuwa umeshanyolewa. Ulifumba macho ukasema soma tena. Kwa nini hukuninyamazisha? Ungenivuta tu mkono. Tungelia pamoja wiki tatu, na mimi ningekushika kichwa kile. Kichwa chako, Mama, sikukishika. Hilo ndilo linaloniua, si uongo.

Halafu hasira iliisha, kwa kuwa nilijiuliza: mimi je, ningekwambia? Sikukwambia. Nilikuwa najikaza nawe unajikaza, na hakuna aliyekuwa mjinga kati yetu, isipokuwa sote wawili. Nimefanana na wewe mno, watu husema sauti tu, hawajui.

Swali langu limejibiwa, basi. Hukufa umedanganywa. Ulikufa unanidanganya mimi, na ulifanya vizuri kuliko mimi. Hata ile "Aya" yako ya mwisho kuhusu treni, sasa nasikia ulikuwa unaniruhusu.

Mama Feza alinipa kitu, kimefungwa katika kipande cha kikwembe chako cha maua mekundu. Nywele zako. Ulimwambia zipelekwe kwa Dido, zifukiwe pale alipo, kwa kuwa wewe hutafika. Hakuweza kwenda bila kunieleza, na kunieleza ulimkataza, basi amekaa nazo sandukuni mwaka mzima na kunikimbia sokoni. Umemtesa rafiki yako, muulize mwenyewe siku akija huko. Nilizifungua. Nyeupe zilikuwa nyingi kuliko nilivyokumbuka. Bado zinanukia mafuta yako.

Jumanne Mama Feza alininyoa na mimi, kwenye kigoda chake, wembe mpya. Kichwa kinapata baridi asubuhi na vumbi la malori linakaa juu yake, nacheka mwenyewe. Serge ametuomba tuimbe Lubumbashi baada ya msimu wa mvua, na anataka kubadilisha mwisho. Nimemwambia nitakuja, nitaimba na kichwa hiki, lakini kwanza nina safari.

Naahidi hivi. Wiki ijayo napanda treni mpaka Kasaji, ile ile niliyoikwamisha mara nyingi kwa kinywa changu, na safari hii sitalalamika hata ikikwama kweli. Kutoka Kasaji nitatafuta pikipiki ya kwenda Sandoa, na dereva akienda mbio nitashuka nitembee kwa miguu. Nitachimba kwa mikono yangu, nitaweka nywele zako kwa mtoto wako. Nitamwimbia, hata watu wa Sandoa wakitoka kushangaa. Naahidi pia kwamba mtu wangu yeyote akiumwa tena, nitakaa kitandani pake na nitamshika kichwa, anachojua na asichojua tutakijua pamoja.

Na kuna sentensi moja ambayo nilipaswa kukupa mkononi wiki zile na sikukupa. Unaijua, lakini nataka uisikie kwangu. Dido alikufa, Mama. Alikufa asubuhi, kwenye njia ya Kasaji, alikuwa anarudi kwako, na mahindi alikuwa amepata.

Kwa heri, Mama Dido. Mwambie kaka salamu zile tamu hazikuwa zake, asije akajidai.

Vua kitambaa sasa, Mama. Najua.

Clarisse wako